Mtandao wa Nyar Alego

Bridget, jirani yetu wa mtaa wa Migosi, hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Jumanne hiyo asubuhi alifua, akaanika, akanywa chai yake kwa mkate, kisha akaketi mbele ya ruta ya waifai kufanya jambo alilolipania tangu aolewe. Alitaka kulifuta jina la mke mwenzake.

Mke mwenzake alikuwa kaburini huko Kombewa, nyumbani kwa mume wao Ondiek. Jacinta ndilo jina lake la kanisani, lakini kila mtu alimwita Nyar Alego, binti wa Alego, maana huku wake huitwa kwa jina la kwao. Akiwa hai alichapisha programu za mazishi, zile karatasi za ratiba zenye picha ya marehemu, papo hapo sebuleni Migosi. Alipofariki, wazee wa Kombewa walimwambia Ondiek waziwazi: mke mpya hawekwi katika nyumba ya mke wa kwanza, mjengee yake. Ondiek, mwalimu wa hesabu, akacheka. Nyumba ya kupanga ina mila gani? Basi Bridget akaingia, akarithi sufuria, printa na wateja.

Sufuria aligawa. Mapazia alibadilisha, godoro pia. Lakini kila mgeni aliyeomba waifai aliambiwa, "Tafuta Nyar Alego," kisha Ondiek akachukua simu ya mgeni na kuingiza pasiwadi mwenyewe, bila kuitamka. Bridget naye hakuwahi kuambiwa. Jina lile lilimkaa kooni. Yeye alitoka Gem, na Ondiek hakuwahi kumwita Nyar Gem hata siku moja; alimwita Bridget tu, kama anasoma daftari la mahudhurio. Kumwonea wivu marehemu ni aibu, humwambii hata rafiki yako. Bridget alimwonea, tena sana.

Akaweka jina jipya: Nyar Gem. Akaweka na pasiwadi mpya. Akajipongeza kwa kikombe cha pili.

Printa ikamgomea. Simu haikuiona. Kompyuta haikuiona. Akazima, akawasha. Akachomoa ruta, akahesabu hadi thelathini, akairudisha. Akaifuta printa kwenye kompyuta na kuiongeza upya. Wapi! Na watu wa Maseno walikuwa wakingojea programu mia mbili za mazishi ya mzee wao.

Saa saba mchana Ondiek alikuja kula. Akagusa simu yake mara moja. Printa ikaamka, ikatoa karatasi.

"Kwangu inashika," akasema.

"Lete nione."

Juu ya kioo cha simu: Nyar Alego. Mistari yote ya mawimbi imejaa.

"Hiyo nimeifuta asubuhi, Mwalimu."

Ondiek aliitazama simu. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyesalimiwa na anayempenda, na Bridget akaliona. Moyo ukamchoma. Kumbe hawa wawili bado wanawasiliana, na yeye ndiye mgeni! Akabonyeza palipoandikwa "Sahau mtandao huu."

"Wachana nayo, Bridget," Ondiek akanong'ona.

Alikuwa amechelewa. Jina likatoweka. Ondiek akaketi kitini, akasema anasikia baridi, akafumba macho. Chakula hakukigusa.

Bridget alidhani amenuna. Akampigia simu Muchiri, fundi wa kompyuta mwenye duka mjini.

"Mama, hii si ngumu," Muchiri alisema alipofika. "Umebadilisha jina la waifai, na printa bado inatafuta lile la zamani. Tunaionyesha jipya, basi."

Akaiamuru printa itoe ukurasa unaoonyesha imeunganishwa na mtandao gani. Akausoma. Akausoma tena. Printa haikuwa inatafuta chochote. Ilikuwa imeunganishwa. Nyar Alego. Mawimbi: bora kabisa.

"Mko na ruta ngapi?"

"Moja."

Akaichomoa ukutani. Taa zake zikazimika. Taa ya buluu ya printa haikutikisika. Muchiri akazunguka na simu yake akitafuta mawimbi yanatoka wapi. Jikoni, mstari mmoja. Mlangoni, miwili. Yalijaa pale kwenye kiti, alipolala Ondiek.

Muchiri akaanza kukusanya vifaa vyake. "Rudisha jina la zamani, mama," akanong'ona. "Kila kitu kitakubali."

"Kwa nyumba yangu? Sitaki!"

Fundi akaondoka haraka, bisibisi yake ikabaki mezani.

Ndipo printa ikaanza. Hakuna aliyeituma. Karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Bridget akaokota moja. Picha ya Ondiek, ndani ya suti ya harusi ile ya kwanza, si ya Bridget. Mazishi: Kombewa, Jumamosi hii, tarehe imeandikwa kamili. Chini yake: Mume mpendwa wa Nyar Alego. Hakutajwa mke mwingine.

Alichohisi kwanza, Mungu amsamehe, kilikuwa wivu. Hata ujane amenyimwa! Kisha akatazama kiti. Kifua cha Ondiek kilipanda. Kikashuka. Kikakawia kupanda tena.

Akairudisha ruta ukutani. Akaandika: Nyar Alego. Pasiwadi?

"Mwalimu, pasiwadi yake ilikuwa gani? Niambie!"

Akaweka sikio mdomoni pake. Midomo ilikuwa ya baridi, ikatamka neno kwa neno:

"Ondiek… ni… wangu."

Akaiandika kwa kidole chake mwenyewe, herufi baada ya herufi, huku akilia. Printa ikanyamaza. Simu yake ikashika. Kompyuta ikashika. Ondiek akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akamtazama.

"Nyar Alego," akasema, "chai iko?"

Bridget akaenda kuchukua kikombe.

"Iko."

Programu zile za Ondiek alizichoma jikoni, zote. Wiki iliyofuata, akipangusa chini ya printa, akakuta moja. Picha ile ile, maneno yale yale, ila tarehe haikuwepo. Ilibaki Jumamosi tu. Ameificha ndani ya Biblia, na mpaka leo Ondiek akiita Nyar Alego, yeye huitika upesi. Kila Ijumaa huitoa, akaangalia kama tarehe imeingia, na kuipitishia kidole.

Wino bado mbichi.