Chumba Alichopaka Rangi Wendell

"Jina lako nani, mama?"

"Bi Mildred."

"Una umri gani?"

"We binti, mwanamke mzima haulizwi umri. Hukufundwa kwenu?"

Nikajiuma mdomo nisicheke. Kwenye kompyuta alikuwa mume wangu Wendell, kajitanda mtandio wa marehemu mama yake, ndevu zimemtoka kila upande, anajifanya mgonjwa wangu.

Mimi nilikuwa mjini Omaha, Marekani, nasomea shahada ya uzamili ya uuguzi, upande wa afya ya wanawake. Yeye alibaki na ng'ombe wetu magharibi ya jimbo hilohilo la Nebraska, mwendo wa saa tano kwa gari. Profesa Pruitt alitaka kila mwanafunzi ajirekodi akimhoji mgonjwa wa kuigiza, na kazi ilitakiwa jioni ile. Latrice, mwenzangu wa darasani aliyeahidi kuniigizia, theluji ikamfungia kwao. Ikabidi nimtafute mume ambaye tangu Krismasi hatukuwa tumeongea la maana.

Tena asubuhi ile alikuwa kanitumia ujumbe: "Mwezi wa tano ukimaliza shule, unarudi? Niambie ukweli tu."

Nikamjibu: "Nina kazi ya darasani. Utakuwa mgonjwa wangu?"

Ona mtu mzima anavyokwepa swali! Ukweli ni kwamba kliniki moja ya hapo Omaha ilishanipa kazi, wanataka jibu Jumatatu, na Wendell hajui. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya ardhi, kwenye nyumba ya mjane mmoja. Mchana huo nilikula chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na andazi la mdalasini nimesimama kwenye sinki. Kwetu chakula hicho huliwa mezani na watu wakipiga kelele. Andazi nililiacha nusu.

"Haya, Bi Mildred, umekuja na tatizo gani?"

"Mgongo. Halafu mume wangu hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi kitu. Gogo lina afadhali."

"Na wewe unamsemesha?"

"Hilo nalo limo kwenye maswali yako, nesi?"

Halimo. Nikakohoa, nikarudi kwenye maswali ya darasani. Swali linalofuata kila mwanamke huulizwa, na mimi kliniki nimeshaliuliza bila kufikiri. Siku ile nililisoma kwenye karatasi neno kwa neno.

"Umewahi kubeba mimba ngapi?"

Wendell akavua mtandio taratibu.

"Moja."

"Mtoto… alizaliwa hai?"

"Hapana."

Akanyamaza. Profesa Pruitt ametuimbia wimbo mmoja tangu siku ya kwanza: mgonjwa akinyamaza, na wewe nyamaza, usimsaidie maneno. Mimi na Wendell hatukuwahi kufika hapo. Yeye akinyamaza, mimi huinuka na kubamiza mlango. Lakini kompyuta ilikuwa inarekodi, nikakaa.

"Mimba ilikuwa ya miezi saba," akasema. "Mtoto wa kike. Mke wangu bado kalazwa, mimi nikakimbia nyumbani. Nikang'oa kitanda cha mtoto, nikatoa nguo, nikapaka chumba rangi nyeupe. Sikulala."

Nilitoka hospitali na maziwa yananitiririka kifuani, nikafungua mlango ule, nikakutana na harufu ya rangi. Nilimpigia kelele: "Umemfuta mwanangu!" Yeye akavaa kofia, akaenda kwa ng'ombe. Toka siku ile tukawa tunaishi kama wapangaji wawili, mpaka nikapata kisingizio cha shule.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Sikuwa namuuliza Bi Mildred tena.

"Ng'ombe akizaa mfu, ndama anaondolewa upesi. Mama akiendelea kumnusa, hali, hanywi, analia tu. Baba alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na babu. Nilidhani nakuokoa, Corinne."

"Mimi si ng'ombe, Wendell!"

"Najua."

"Hukujua!"

"Sikujua. Hata ng'ombe nilikuwa siwajui. Yule mwekundu, wiki iliyopita ndama wake alikufa. Nikashindwa kumwondoa, nikamwachia. Kamlamba usiku kucha. Asubuhi akainuka mwenyewe, akaenda kula majani. Mimi nikabaki palepale ghalani nalia, mpaka mbwa akanikimbia."

Miaka minne tangu msiba ule sikuwa nimemsikia mwanaume huyu akisema maneno mengi hivyo. Machozi yalinidondokea, sikuyafuta.

"Kitanda ulikiuza?"

"Nikiuze? Thubutu! Kiko darini ghalani, kwenye majani makavu ya ng'ombe, nimekifunika turubai. Nguo zake zimo humohumo. Nyumba ikinielemea, napanda naenda kukaa nacho."

"Peke yako?"

"Na nani mwingine?"

Kumbe! Mimi nalia Omaha chini ya nyumba ya watu, yeye analia juu ya majani makavu, msiba ni mmoja. Nikazima kurekodi. Alama na zipotee, Profesa atanielewa au hatanielewa.

"Wendell, nimepewa kazi hapa. Jumatatu wanataka jibu."

Akashusha macho. "Kazi nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi usi…"

"Subiri, sijamaliza. Kesho panda ghalani, ukishushe kile kitanda. Kirudishe chumbani, na nguo zake zote."

"Cha nini sasa, mke wangu?"

"Yule mwekundu alipewa usiku mzima na mwanawe. Mimi nilipewa harufu ya rangi. Ijumaa nakuja, nataka nilie chumbani mwake mpaka nichoke. Na wewe ukae hapohapo. Ole wako uende kwa ng'ombe."

"Siendi," akasema, na sauti ikamkatika.

Jumatatu niliwaambia wale wa kliniki watafute mtu mwingine, mimi narudi kwetu. Kule mjamzito huendesha gari saa mbili kumfuata nesi, na mmoja wao niliwahi kuwa mimi. Jioni ujumbe wa Wendell ukaingia kwenye simu.

"Nimekirudisha. Mlango sijaufunga."

Nikaanza kupanga nguo za safari ya Ijumaa.