Vidonge vya Akiba

Mke wa seremala alibadilisha shuka mara mbili siku hiyo, na bado chumba kilinuka matunda yaliyoiva mno. Nyumbani mwao hapakuwa na tunda hata moja.

Harufu ilitoka mguuni mwa mumewe. Tezo ilimkata wiki tatu nyuma, na jeraha, badala ya kufunga, lilitoa usaha wa kijani.

"Si umempa vidonge?" wifi yake alinong'ona.

"Nimempa vya koponi."

Pale nyumbani mtu alikunywa dawa mpaka homa ishuke, kisha vilivyobaki vikatiwa koponi kumsubiri mgonjwa mwingine. Mwenyezi Mungu atusamehe, wengi wetu tunadhani huo ndio uangalifu.

Wakampeleka hospitali. Majibu ya maabara yalipotoka, daktari alivuta kiti.

"Mama, vijidudu hivi vimezizoea karibu dawa zetu zote. Imebaki moja, ya dripu. Ni kali kwa figo."

Mchana ule mgonjwa amelala fofofo, midomo yake ikafunguka.

"Nyeupe nimeila," ilisema sauti isiyo yake. "Ya rangi mbili nimeila. Mlinilisha kidogo kidogo, kama mtoto. Nimekua."

"Wifi, soma dua!"

"Nisome nini? Hata jina langu nimelisahau!"

Wakasoma, mmoja akidakia pale mwenzake alipokwama. Dripu ikaanza. Siku ya nne ile sauti ilikuwa imekauka, lakini siku ya sita mkojo ukakatika, uso ukavimba, na kutoka chini ya bandeji ikasikika pumzi, ikivuta na kushusha, ikivuta na kushusha, taratibu kuliko ya mgonjwa mwenyewe, hata wifi akajibana ukutani na kuziba masikio.

"Figo zinakufa, dawa lazima isimame," daktari alisema. "Tuukate mguu leo, au tumpoteze."

Mke alifumba macho. "Kateni. Nirudishieni mtu wangu."

Asubuhi seremala aliamka, homa imeshuka.

"Nipe maji," alisema, kwa sauti yake ileile.

Mkewe akalia kwa shukrani, akamshika shingo, akainua glasi. Miaka ishirini ya ndoa, mume huyu hakuwahi kunywa chochote bila kulitaja jina la Mungu.

"Sema bismillahi, mume wangu."

Akamtazama. Akatabasamu.

"Sema basi."

"Wewe nipe tu," akajibu kwa upole.