Vitabu Vitano vya Yitayish

"Mwanamke, unataka kunimaliza?"

Demissew alitema kitu kwenye kiganja. Kilikuwa kijiwe. Akakiweka kando ya sahani ya injera, ule mkate wao mwembamba wa chachu.

"Kimetoka wapi hicho?" mkewe aliuliza.

"Kwenye dengu zako. Mimi ni mwashi. Mawe nayashika kutwa nzima kazini. Na nyumbani nako yananifuata!"

Yitayish alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Dengu zile alizichambua asubuhi nzima. Hakuona kijiwe hata kimoja.

Walikaa mji wa Dessie, chini ya mlima Tossa. Yitayish alikuwa na miaka arobaini na saba. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za pamba. Nyuzi zake zilisifiwa kwa wembamba, na kila mwaka mpya ulipokaribia wafumaji walizigombea. Mwaka huo walianza kulalamika. "Nyuzi zina mafundo, mama," walisema.

Lakini nyuzi hazikumuumiza sana. Kilichomuumiza kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa kwa kitambaa. Vilikuwa vitabu vitano.

Vitabu hivyo vilikuwa hadithi moja ndefu. Ilihusu familia ya wachukuzi wa chumvi na nyumbu wao wa mizigo, na binti yao aliyeitwa Lakech. Yitayish aliisikia kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu. Kaka yake, Asnake, ndiye aliyekuwa akisoma. Jioni baada ya chakula alifungua kitabu, na wote walinyamaza, hata baba. Walimaliza kitabu cha kwanza. Katikati ya cha pili, Asnake alichukuliwa vitani. Siku ya mwisho alisoma mpaka pale Lakech anapofika mtoni, mto umefurika, na mama yake yuko ng'ambo. Asnake akafunga kitabu.

"Nikirudi tutamvusha," alisema.

Hakurudi.

Kwa miaka thelathini na minne Yitayish alimfikiria binti yule ukingoni mwa mto. Je, alivuka? Watu walimwambia, "Si umuulize mtu aliyesoma?" Alikataa. "Nataka kumvusha mwenyewe," alisema.

Ndiyo maana alijiunga na darasa la watu wazima. Mwalimu aliandika herufi kubwa ubaoni, naye akazishika upesi. Siku Demissew alipovikuta vitabu vyote vitano kwa muuza vitabu vikuukuu, alivileta nyumbani ndani ya mfuko wa saruji. Yitayish alivikumbatia, akalia.

"Nikimaliza nyuzi za sikukuu, nitaanza," alisema. "Mwaka mpya nitaanza na cha kwanza."

Zikabaki wiki mbili. Siku moja, mumewe akiwa kazini, alishindwa kuvumilia. Alikishusha kitabu cha kwanza, akakifungua. Herufi zilikuwa ndogo. Alipozitazama, zilichanganyika kama sisimizi waliomwagiwa maji. Akapangusa macho. Hazikutulia. Akajaribu ukurasa mwingine. Hali ilikuwa ile ile.

Alikirudisha kitabu, akaketi sakafuni. "Nimesahau kusoma," alijiambia. "Mungu hataki nimjue yule binti."

Hakumwambia mumewe. Alimwambia jirani yake tu, Aregash.

"Usilie, shoga yangu," Aregash alisema. "Macho yameingia uchafu. Kuna majani nitakukamulia. Yatawasha kidogo, lakini yanasafisha."

Kesho yake Aregash alikuwa akitwanga majani mlangoni kwa Yitayish. Zinash, mhudumu wa afya wa mtaa, akapita katika ziara zake za nyumba kwa nyumba.

"Mnatwanga nini, dada zangu?"

"Dawa ya macho," Aregash alijibu.

Zinash aliushika mkono wa Aregash taratibu. "Hapana, mama. Macho hayatiwi maji ya majani, wala asali, wala maziwa. Yanaweza kupata vidonda. Nimewaona watu waliopofuka kwa dawa kama hizi." Akamgeukia Yitayish. "Una shida gani?"

Yitayish alimweleza yote, kwa aibu.

"Tazama kule ng'ambo," Zinash alisema. "Kibao cha duka kimeandikwaje?"

"Misumari na mabati," Yitayish alisoma bila shida. Kisha akashtuka. "Kumbe sijasahau!"

"Hujasahau. Sasa leta kitabu."

Alikileta. Karibu na uso hakuona kitu. Alipokisukuma mbali kidogo, herufi chache zilijitokeza.

"Ndani ya jicho kuna kioo kidogo," Zinash alieleza. "Ujanani ni laini. Kinajikunja ili uone cha karibu. Ukivuka miaka arobaini, kinaanza kukakamaa. Vya mbali unaviona, vya karibu vinakuwa na ukungu. Dengu, sindano, nyuzi, herufi. Inampata karibu kila mtu. Si laana, na si ujinga. Dawa yake ni miwani ya kusomea."

Demissew alikuwa amefika, vumbi la mawe mwilini.

"Miwani?" alisema. "Miwani inalegeza macho! Ukianza kuivaa, umekwisha."

"Kaka yangu, fimbo inamlegeza mzee miguu?" Zinash aliuliza. "Miwani haiharibu jicho. Lakini msinunue yoyote tu barabarani. Mpeleke apimwe kwanza. Kuna magonjwa yanayojificha, kama presha ya macho na mtoto wa jicho. Hayo yakicheleweshwa huleta upofu. Na mtu akipata maumivu makali ya jicho, au akiacha kuona ghafla, asingoje hata siku moja."

Demissew alimtazama mkewe. Aliona kitabu mkononi mwake, na macho yamemvimba.

"Umelia kwa siku ngapi bila kuniambia?" aliuliza.

Yitayish alikifunga kitabu.

Kesho yake walikwenda hospitali. Muuguzi alimulika macho yake kwa taa, akamsomesha herufi za mbali na za karibu. Hakukuwa na ugonjwa. Akamvalisha miwani moja, akaivua, akamvalisha nyingine.

"Na hii?"

Yitayish alitazama chini. Kitu cha kwanza alichokiona ni mkono wa mumewe gotini. Ngozi ilikuwa imepasuka kila mahali, na saruji imeingia katika nyufa.

"Mikono yako imekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu zamani," Demissew alisema, akaificha.

"Hiyo ndiyo miwani yake," muuguzi alisema. "Rudi baada ya miaka miwili upimwe tena. Nguvu ya macho hubadilika."

Siku ya mwaka mpya wasichana walipita wakiimba na maua ya manjano, kama ilivyo desturi. Yitayish aliwapa mkate. Kisha aliketi mlangoni penye mwanga, akavaa miwani, akafungua kitabu cha kwanza. Alisoma kwa sauti, kama Asnake. Demissew aliacha kahawa yake ikapoa.

Baada ya mwezi alifika mtoni. Sauti ilikatika. Aliweka kidole juu ya mstari. Kisha akaendelea, na Lakech akavuka, ameshika mkia wa nyumbu. Yitayish alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Siku hiyo hakusoma tena.

Watu wakaanza kuja kusikiliza. Aregash alikuja na mto wake wa kukalia. Mwezi uliofuata naye alipimwa macho. Alikutwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji mapema.

Walipofika kitabu cha tano, Yitayish alikuwa akisoma ukurasa mmoja tu kwa siku, kisha anafunga.

"Una nini wewe?" Demissew alilalamika. "Macho yanakusumbua tena?"

"Macho ni mazima."

"Basi soma! Zimebaki kurasa kumi tu."

Yitayish aliikunja miwani yake polepole. "Najua," alisema. "Niliwasubiri kina Lakech miaka thelathini na minne. Niache nikae nao kidogo."