Sahani ya Sitini na Moja

Kila asubuhi ya likizo ile ya mwezi wa sita, mama yake Celina alipika kabla ya kwenda dukani kwake Kariakoo. Alipakua wali na maharage kwenye hotipoti, akaifunika vizuri, kisha akasema akiwa mlangoni, "Ukisikia njaa, kula. Usimfungulie mtu usiyemjua." Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi mpaka chini, halafu nyumba ikawa kimya.

Celina alikuwa na miaka kumi na miwili. Zamani waliishi Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja, na huko mtoto asingeweza kula peke yake hata kama angetaka. Sinia liliwekwa mkekani na mikono yote ikaingia. Kisha ikaja biashara huria. Mama akaanza kuuza mitumba, mitumba ikazaa duka dogo la nguo, na duka likawahamishia Mchafukoge, ghorofa ya tatu, karibu na kazi. Vyumba viwili, jiko la ndani, na maji ya bomba siku yanapotaka kutoka. Watu wengi walimpongeza mama. Hakuna aliyemuuliza Celina anaonaje.

Wenzake wa shule waliishi mbali. Majirani walifunga milango yao kama yeye alivyofunga wake. Ikifika saa saba mchana, alifunua hotipoti, akala vijiko vitatu, akasikia kijiko kinavyogonga sahani, akaacha. Chakula kilikuwa kitamu. Upweke ndio uliomkaba.

Chini ya jengo hilo palikuwa na ukumbi wa jumuiya moja ya Wahindu. Likizo hiyo, akina mama wa jumuiya walikuwa wakipika chakula cha mchana cha bure kwa watoto wasio na mtu wa kuwapikia shule zinapofungwa. Walipika wali uliochanganywa na choroko, na mchuzi wa viazi. Sufuria lilikuwa moja, kubwa, la kutosha sahani sitini na si zaidi. Kila mtoto alikuja na sahani yake, akaipanga barazani kushika foleni, kisha akaenda kucheza. Sahani sitini za mwanzo ndizo zilizoingia ndani.

Siku moja Celina alishuka, akasimama mbele ya Mama Chandrika, msimamizi wa mapishi, aliyekuwa akiandika majina.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani wamekuachia nini cha kula?"

Celina alitazama ndani. Watoto walikuwa wamekaa mkekani wakisukumana na kucheka. "Hakuna kitu," alisema.

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo tu. Tangu siku hiyo sahani yake haikukosa kuwa katika tano za mwanzo, maana yeye alikuwa na ngazi tu za kushuka. Wali wa mama aliutia kwenye mfuko na kuutupa katika pipa la taka, uchochoroni nyuma ya jengo. Jioni mama alikuta hotipoti tupu, akafurahi kwamba mwanawe anakula vizuri. Celina alijua kabisa kwamba anakosea. Lakini pale mkekani alikuwa amempata Sitara.

Sitara alikuwa na miaka minane, na mama yake alikaanga samaki katika soko la Feri. Alitembea kwa miguu kutoka huko kila siku, na sahani yake ya bati kwapani. Alimwita Celina dada, akamsimulia habari za paka wa Feri mmoja mmoja, na wote aliwapa majina. Kwa muda wa chakula kile, Celina alisahau ukimya wa juu.

Alhamisi moja Celina alimwekea Sitara nafasi mkekani, lakini Sitara hakuonekana. Celina alikula harakaharaka, akapanda nyumbani akiwa mnyonge. Akakumbuka kwamba hajautupa wali. Akaushusha uchochoroni, akarudi juu. Alipokuwa anasuuza hotipoti, alichungulia dirisha la jiko.

Sitara alikuwa amechuchumaa kando ya pipa. Mfuko ulikuwa wazi mapajani mwake, naye alikuwa anakula.

Celina alishuka ngazi mbilimbili. "Sitara, unafanya nini?"

"Nakula, dada. Leo mama alinibakisha tukipara samaki. Nimefika, sahani yangu ikawa ya sitini na moja, wakasema sufuria limeisha." Akamsogezea mfuko. "Huu ni mzuri, onja. Bado una moto. Hivi nani anatupa wali wa moto?"

Celina aliutambua mfuko wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Kama sahani yake isingekuwa barazani, ya Sitara ingekuwa ya sitini.

"Usile tena. Umetoka kwenye pipa, utaumwa tumbo," alisema, akamshika mkono. Kutoka pale mpaka mlango wa ukumbi hapakuwa mbali, lakini alitembea polepole. Akisema kweli, watamfuta jina, na kesho saa saba atakuwa peke yake tena na kijiko chake. Angeweza kumrudisha Sitara Feri na kunyamaza. Nani angejua?

Aliingia. Mama Chandrika alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria.

"Mama, mimi nilikudanganya. Nyumbani kila siku naachiwa chakula. Nakitupa. Leo Sitara amekiokota jalalani kwa sababu nilichukua nafasi yake."

Mama Chandrika aliacha kukwangua. Alimnawisha Sitara mikono kwa sabuni, akampa chakula alichojiwekea mwenyewe, akamkalisha. Kisha akamgeukia Celina.

"Kama una chakula, huku ulifuata nini?"

"Watu," alisema Celina, na machozi yakamtoka.

Mama Chandrika alivuta stuli, akakaa. "Sahani ni za wenye njaa, kwa hiyo yako sitaipokea tena. Mkeka lakini haujai. Kesho njoo na hotipoti yako, ule chakula chako pamoja na wenzako. Ila kwanza mama yako ayajue haya, na umwambie wewe mwenyewe."

Mama aliporudi jioni, hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Celina alimwambia yote, mpaka la pipa. Mama alikaa kitandani akitazama sakafu.

"Nilikubeba mgongoni tukipanga foleni ya mchele, miaka ile ya uhaba," alisema taratibu. "Kilo mbili, na siku nyingine tulirudi mikono mitupu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umechoka. Mama, mchana huku ninakuwa mpweke."

Mama alimvuta karibu. "Duka siwezi kulifunga, Celina, ndilo linalotulisha. Jumamosi utashinda nami pale. Lakini sikiliza. Nilikuwa naona hotipoti tupu nikidhani mwanangu yuko salama. Ukinificha linalokuuma, hata nikuachie masufuria kumi nitakuwa sijakuachia kitu. Na uongo wako haukuishia kwangu, umemfikisha mtoto wa mwenzangu jalalani. Ukipungukiwa, taja unachopungukiwa. Usichukue cha mwingine kufichia pengo lako."

Celina aliitikia kwa kichwa. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, Sitara akichelewa tena?"

Mama alinyanyuka, akaenda jikoni, akaongeza kikombe kimoja cha maharage kwenye yale aliyoloweka kwa ajili ya kesho.