Dawa ya Kukua

Jumamosi asubuhi, 1990

Chumba cha nyuma ya baa, mtaa wa West Indies. Mapazia yamefungwa. Wanyama alichora lango la maabara kwa chaki juu ya meza.

"Leo machifu wanasukuma kila mtu kwa mkutano wa chama," alisema. "Maabara imebaki na askari mmoja. Mama huyu hapa atabisha. Askari anamjua, atafungua. Johnstone anachukua sanduku la barafu. Thuo, usizime gari."

"Chupa moja ni yangu," Chepkorir alisema.

"Si nilishakuambia ni yako?"

Chepkorir hakuwa jambazi. Alikuwa akiuza mboga soko la Plateau. Binti yake, Jepkosgei, alikuwa na miaka tisa na kimo cha mtoto wa minne. Kwa muda mrefu alikuwa akimpeleka kwenye maabara ile. Wanamtoa damu, wanampa peremende. Akiuliza dawa, daktari anasema, "Bado tunafanya utafiti, mama." Kisha Johnstone, fundi wa hapo hapo maabara, akamnong'oneza: homoni ya kukua imefika kutoka ng'ambo, wameifungia kwenye friza. Hasira ilimpanda Chepkorir siku hiyo. Haikushuka tena.

Kabla ya adhuhuri

Askari alimwona, akatabasamu. "Mama Jepkosgei! Leo si siku ya kliniki."

"Mtoto amezidiwa, mzee."

Komeo likafunguka. Wanyama akampiga mzee kwa kitako cha bastola. Akaanguka kifudifudi.

"Ulisema hutamgusa!"

"Rudi kwa gari!"

Barabara ya Sugoi, mchana

Thuo aliikanyaga Peugeot. Kiti cha nyuma, Chepkorir alifungua sanduku magotini. Vichupa vidogo, unga mweupe.

"Nitamdunga wapi? Mkononi?"

Johnstone, kando yake, alitazama nje.

"Nakuuliza wewe!"

"Usimdunge. Hiyo si homoni. Ni protini ya kushika homoni. Imetengenezwa kwa jeni ya binadamu, ya kupimia damu maabarani. Imeandikwa hapo: ya utafiti pekee."

"Na ulijua?"

"Tulijua," Wanyama alisema bila kugeuka. "Bila wewe lango halifunguki. Kuna kocha Sugoi anataka homoni ya wakimbiaji wake. Hatauliza."

"Awadunge watoto wa watu hii?"

"Shauri yake."

Thuo alifunga breki. Polisi walikuwa wameweka kizuizi. Wanyama alificha bastola chini ya koti. "Sema ni dawa ya mtoto. Lia kidogo."

Konstebo aliinama dirishani. "Mama, umebeba nini?"

"Vitu vya wizi," alisema kwa sauti. "Huyu wa mbele ana bastola."

Wanyama alifyatua kwanza, akavunja kioo. Risasi ya polisi ilimpata shingoni. Thuo aliinua mikono. Johnstone alikimbilia mahindini, wakamrudisha wakimburuta.

Alasiri

Chepkorir alikaa nyasini na pingu, damu ya Wanyama ikimkaukia kwenye sweta. Gari la maabara likafika. Daktari alishuka mbio, akampita, akapiga magoti kando ya sanduku.

"Bado lina baridi?" aliuliza polisi.

"Daktari," Chepkorir alisema. "Yule mzee wa lango yuko hai?"

Daktari aliinua kichupa kwenye mwanga.

"Daktari! Damu ya mtoto wangu mmeipeleka wapi?"

"Afande, mwondoe huyu mwanamke."

Wawili walimshika mikono. Aliwakokota mpaka karibu na sanduku kabla hawajamwinua juu juu na kumtupa nyuma ya Landrova.

"Nirudishieni damu ya mtoto wangu!" alipiga kelele, akigonga bati kwa pingu. "Yote! Nirudishieni!"

Daktari alifunga sanduku vizuri, akaomba barafu zaidi.