Pazia Lililovuliwa Ziwani

Jua lilikuwa linashukia upande wa ziwa wakati Cheptanui aliporudi kutoka dukani na chupa ya tatu ya vinega wiki hiyo. Alitembea katikati ya barabara kwa hasira, pikipiki ndizo zilizomkwepa.

Alikuwa ametoka Kabazi kuja hapa Kihoto, kando ya ziwa, kumlelea mtoto binti yake, Chepchumba, anayeshinda kwenye shamba la maua hadi jioni. Mjukuu, Chelimo, wa miaka minne, alikuwa akikohoa tangu wahamie nyumba hiyo. Daktari alisema ni kuvu. Na kuvu yote ilijaa mahali pamoja: pazia la plastiki la bafuni.

Cheptanui alilisugua kwa vinega. Siku nyingine kwa magadi. Siku nyingine kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hiyo peke yake, maana hakuwa mjinga wa kuichanganya na vinega ajiue kwa mvuke. Alilianika juani, akalinyoosha lisibaki na mikunjo ya kushika maji. Kila jioni madoa yalirudi. Pale pale. Yakianzia chini, yakipanda.

Langoni alimkuta Wanyonyi, mlinzi wa ploti.

"Mathe, vinega tena? Unatengeneza achari?"

"Natengeneza ujinga wa tajiri wako Kihara. Anakula kodi, anatulaza kwa kinamasi."

"Si ufungue dirisha, hewa iingie."

"Dirisha lipi? Lile hata kuku hawezi kutoa kichwa?"

Wanyonyi hakucheka. Alishusha sauti.

"Mathe… hilo pazia tulilitoa majini. Ule mwaka ziwa liliingia kwa nyumba. Lilikuwa limejikunja, kama mtu amejifunika analala. Tulilibeba wanaume wawili, na bado likatulemea. Tulipolikunjua…"

"Mkapata nini?"

"Hakuna kitu. Kihara akasema lioshwe, lirudishwe bafuni. Eti bado ni zima."

"Mkaliosha! Mkaja kumtundikia mtoto wangu!" Alimwinulia chupa usoni. "Shukuru Mungu hii vinega nimeinunua, ningekumwagia."

Ndani, Chelimo alikuwa kitandani akikohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza. Na bafuni, madoa yalikuwa yamefika usawa wa bega la mtu. Harufu ya samaki na matope ilijaa humo.

Aliweka chupa chini. Vinega imeshindwa, basi. Akachukua kile kijiti cha mti wa senetwet alichobeba kutoka nyumbani kwa ajili ya kuandaa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Tangu azaliwe hajaona uozo ukishinda mkaa wa senetwet. Alikichoma kikawa chekundu, akaacha kipoe kidogo plastiki isiyeyuke, kisha akalisugua pazia lote, juu hadi chini, kama anavyosugua tumbo la kibuyu. Moshi ukajaa bafu.

"Toka," akasema akiuma meno. "Toka, mbwa wewe."

Kikohozi cha chumbani kikakatika.

Ghafla.

Cheptanui alisimama na kijiti mkononi, akitabasamu. Madoa hayakuonekana tena chini ya weusi wa mkaa. Amemaliza kazi, na Kihara atasikia maneno yake kesho.

Halafu…

Khoo. Khoo.

Mbele yake. Ndani ya pazia.

"Kogo…" Bibi. Sauti ndogo. Anaijua.

Alikimbia chumbani. Chelimo alikuwa ameketi kitandani, macho wazi, mdomo ukifunguka na kufumbika. Kifua kinapanda, kinashuka. Sauti hakuna.

Chepchumba aliingia akiwa bado na viatu vya shambani. Alinusa moshi. Akamtazama mtoto. Akaenda bafuni, akarudi ameshika ukuta.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeua kuvu."

"Kwa senetwet?" Binti alimgeukia. "Mama, kibuyu tunakisugua mkaa kwa nini?"

Cheptanui alifungua mdomo amkaripie. Jibu alikuwa nalo tangu utotoni. Maziwa yakae. Yasiharibike. Yadumu hata mwaka.

Na kilichomo kwenye pazia nacho kitadumu.

Walimlaza mtoto. Wakalisugua pazia hadi vidole vikachubuka, lakini mkaa ulikuwa umeingia, hautoki.

Asubuhi Wanyonyi alibisha na mtungi wa mafuta ya taa. Alikuwa amesikia kilio chao usiku.

"Mathe, nipe nikalichome. Tuyamalize."

Cheptanui alisimama mlangoni mwa bafu, mikono ameitanua, macho mekundu.

"Uchome sauti ya mtoto wangu? Gusa hilo pazia, Wanyonyi, nikuvunje mguu. Kamlete Kihara. Mwambie aje alale humu."

Nyuma yake pete za pazia ziligongana, ingawa hewa ilikuwa imetulia.

"Kogo, chai," sauti ya Chelimo ikaita kutoka kwenye pazia.

Chepchumba alikuwa tayari ameshika kikombe. Akakijaza.

Kisha, kwa sauti ile ile ya mtoto, lakini polepole, kama mtu mwingine anayejifunza kuitumia:

"Na mimi."