Bega Lisilokauka

Ombeni, mama tunayepanga naye jengo moja hapa Hyattsville, Marekani, alikuwa anaparua samaki simu ilipolia. Mikono imejaa magamba, akaibonyeza kwa kiwiko. Alikuwa Ethan, mwalimu aliyeongoza wanafunzi kwenda Vietnam.

"Mama Violet, tumeshatua. Violet hajambo, ila tangu tutoke kijijini hataki kula. Nadhani ni huruma. Safari hizi zinawagusa sana vijana."

Ombeni alipokata simu akaguna. Huruma. Safari yenyewe hakuipenda tangu mwanzo. Vijana wasiojua kuosha sahani waliyolia chakula wanavuka dunia nzima kwenda kusaidia watoto, na msaada wenyewe ni kupaka rangi ukuta wa shule. Kundi la mwaka jana liliupaka bluu. Hawa wakaupaka njano. Kisha kila mmoja akambeba mtoto wa watu, hata jina lake halijui, akapigwa picha.

Eliudi, mumewe, akaenda uwanja wa ndege kumchukua binti. Waliporudi, samaki walikuwa wanatokota kwenye nazi na jua bado linawaka juu ya magari huko nje.

Violet alikuwa amekonda. Fulana yake ilikuwa imelowa begani, upande wa kushoto.

"Umemwagikiwa na nini?"

"Haikauki, Mama."

Mtoto huyu husemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza. Leo alijibu Kiswahili, tena kwa kunong'ona.

Ombeni akampa fulana kavu. Kabla binti hajaishusha vizuri, bega lilikuwa limelowa tena. Maji yale yalinuka matope.

"Nionyeshe hizo picha zenu."

Katika kila picha wenzake wamebeba watoto. Violet amebeba hewa. Mkono umekunjwa kama umeshika makalio ya mtoto, kiuno kimepinda kwa uzito.

"Haya, sema."

Violet akasema. Jioni moja wanakijiji waliweka nje sinia la uji wa mchele, la wale waliokufa maji na hawana ndugu wa kuwakumbuka. Mkalimani akawaonya: piteni mbali, msimsemeshe mtu pale. Wenzake wakapita wakilipiga picha. Yeye alikuwa anakula biskuti. Kando ya sinia kalisimama katoto ka kike, kanamtazama mdomoni.

"Nikakaambia karibu."

"Kwa Kiswahili?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Ilinitoka tu. Kakaja. Sasa nikila kananitazama, chakula hakipiti. Nikikapa hakali. Nadhani kanajua kule nilikuwa mgeni tu. Sikuwa na nyumba ya kumkaribisha mtu."

Eliudi akasogea karibu na mlango. "Tumwite mchungaji."

"Aje kufanya nini? Kupiga picha?"

Ombeni akamtazama binti yake, mifupa ya shingo imechomoza. Huyu hamalizi wiki. Akapakua wali na samaki sahani nne. Akavuta kiti kitupu, akasema kama anayemsemesha mtoto wa jirani aliyechelewa kurudi kwao:

"Wewe. Nyumba hii ni yangu, si ya huyu. Alikukaribisha hana cha kukupa, ndio wema wa kundi lao lote. Karibu. Kuanzia sasa wewe ni mgeni wangu. Huyu mwache."

Kiti kitupu kikatoa mlio. Hakuna aliyekigusa.

Violet akatia tonge mdomoni. Likapita. Akatia jingine, kisha akala kama anayefukuzwa. Begani fulana ilikuwa kavu, imekakamaa kwa matope.

Eliudi akashusha pumzi. "Limekwisha hilo."

"Kula, Baba Violet."

Ombeni akawahesabu, kama anavyofanya kila jioni kabla hajakaa. Eliudi yupo. Violet yupo. Yeye mwenyewe yupo. Wote wamo ndani. Akatazama sahani ya nne. Ilikuwa nyeupe, haina hata punje.

"Mama, mbona huli?"

"Nakula."

Akatazama sahani yake. Nayo ilikuwa nyeupe, na yeye alikuwa hata hajanawa.

Kisha blauzi yake ikamgandama begani, baridi, upande wa kushoto.